Wenye Jina Letu

Jina lenyewe sitaliandika. Wenzangu wanaolibeba bado wapo Mpanda, wanauza nyama, wanalima, wanaendesha bodaboda, na hakuna aliyenituma niwaseme. Ni jina la Kiarabu. Lilifika kwetu Ukonongo na watu wa misafara, enzi ambazo hata babu yangu alizisikia kwa kusimuliwa, likabaki huko pamoja na kanzu na Ramadhani. Maalimu wa msikiti wetu amenieleza maana yake zaidi ya mara moja, na kila mara naisahau. Kwangu maana yake ilikuwa watu waliokuwa nalo.

Wa kwanza alikuwa babu yangu mzaa baba. Alikuwa ngariba. Vijana wa vijiji vingi walipita mikononi mwake, na ilisemwa kwamba hakuna hata mmoja aliyeota donda. Mimi ndiye niliyepewa jina lake, na kwa sababu hiyo bibi yangu aliniita mume wake mpaka siku alipokufa. Alinifichia nyama jikoni. Binamu zangu wakitaka kunipiga aliwafukuza na mwiko, akisema, "Mnampiga babu yenu?" Nilikua nikiamini kwamba jina ni kama koti: ukilivaa, mvua inakwepa.

Nilipohamia mjini kufanya kazi stesheni, niliwakuta wengine. Yupo muuza nyama wa sokoni, mtu mnene mwenye maneno, ambaye hajawahi kunipitisha kimya kimya.

"Wajina!" hupaza sauti, panga likiwa limeganda juu ya gogo. "Umekuja kununua, au umekuja kunichafulia jina?"

"Jina ulishalichafua wewe, kwa kutuuzia mifupa."

Na yupo mzee wa Katumba. Alivuka kutoka Burundi akiwa kijana, akakatiwa shamba kule kwenye makazi ya wakimbizi, akalima tumbaku na mahindi mpaka akazeeka. Alikuwa Mwislamu kama sisi, mtu wa maneno machache, na watu wa dini zote walimwendea kuamuliwa ugomvi wa mipaka na wa ndoa. Mtu akinitambulisha mahali na kuulizwa, "Ni yule wa Katumba?", nilijisikia vizuri hata baada ya kujibu kwamba siye.

Hao ndio waliokuwa fahari yangu. Nazungumzia fahari mapema kwa sababu ndiyo iliyotufikisha tulikofika.

Mwanangu alipopata mtoto wa kiume hapakuwa na mjadala. Siku ya saba alichinjwa mbuzi, mtoto akanyolewa, akapewa jina langu. Mke wangu alimpakata, akanigeukia mbele ya wageni.

"Mume wangu kijana amefika. Wewe mzee kafungashe virago."

"Nikafungashe niende wapi?"

"Hilo muulize mwenye nyumba. Ndiye huyu."

Walicheka wote, hata mkwe wangu, mama wa mtoto, ambaye kwa kawaida alichekea ndani ya kanga. Alikuwa Mpimbwe, kwao Wakatoliki, alibadili dini alipoolewa. Kwetu, mtaa wa Misunkumilo, alikuwa mpole kuliko tulivyostahili, na sisi tuliuchukua upole wake kuwa ni kukubali kila kitu.

Mvua zilipokolea, mwanangu alikwenda Kasekese kulima. Shamba lake lilikuwa ndani sana, simu ilishika mtandao akipanda kichuguu tu. Kwa hiyo mtoto alipoanza kulia, nyumbani mwenye sauti ya kiume nilikuwa mimi. Mwenye sauti kuliko mimi alikuwa dada yangu mkubwa, mjane, aliyeishi nasi. Kwa upande wa majina ya ukoo, shangazi ndiye anayesikilizwa.

Mtoto alikuwa hajafikisha miezi miwili. Hakulia kama watoto wanavyolia, kwa kupanda na kushuka. Alitoa sauti moja, nyembamba, ndefu, ambayo ilipita ukutani na kukufuata hata chooni. Alishika titi akaliachia. Asubuhi mkwe wangu alikuja barazani, mtoto mikononi.

"Baba, ana moto. Naomba nimpeleke hospitali."

Dada yangu alijibu kabla yangu. "Watampa panadol mrudi. Huyo haumwi. Huyo analilia jina."

Kwa asiyejua: kwetu, na kwa majirani zetu wengi, mtoto anayelia bila sababu inayoonekana huhesabiwa kuwa anadai. Jina alilopewa silo, au mwenye jina siye anayemtaka. Zamani walikaa wazee wakamtajia majina ya marehemu mmoja mmoja huku akipewa titi, na lile alilonyonya nalo ndilo likawa lake. Nimeliona likifanyika nikiwa mdogo. Binamu yangu mmoja ana jina lililopatikana hivyo, na yuko hai, ana wajukuu.

"Jina halibadilishwi," nilisema. Nilisema kwa ukali. Niliona kama babu, mimi, na wote niliowataja tunafukuzwa mlangoni na kichanga.

"Nani kasema libadilishwe?" dada alijibu. "Jina libaki, atafutwe mwenyewe. Nyie wenye jina hilo si mko wengi? Waje wambebe. Atakayetulia naye ndiye wajina wake."

Nimesoma mpaka kidato cha nne. Nimechora moyo na figo kwa penseli, nimejibu maswali ya vimelea na homa. Nilijua kwamba mtoto mwenye moto mwilini ni mgonjwa. Sitajificha nyuma ya dada yangu wala nyuma ya mila. Maneno yake yalinipa njia ya kubaki na jina langu, nami nikaifuata.

Nilimbeba mimi kwanza. Mara nilipomwinua, ile sauti ilipanda mpaka ikakatika, uso ukawa wa zambarau. Nilipomrudisha kitandani ilishuka ikawa mguno.

"Amekukataa," dada alisema.

Liliniuma. Naona haya kuandika kwamba hilo ndilo lililoniuma siku ile.

Mchana nilimleta muuza nyama. Alikuja na aproni yake, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akamchukua. Mtoto alipiga kelele ile ile, mwili ukajikaza kama ubao.

"Wajina mdogo analia kama mbuzi aliyeshaona kisu," alisema, akitaka tucheke. Hakuna aliyecheka. Akamtazama kichwani. "Mbona utosi wake umetuna hivi? Si huwa unabonyea?"

"Ni kwa kulia," dada alisema.

Muuza nyama alimrudisha mtoto taratibu, akaaga. Mlangoni alivaa kandambili zangu badala ya zake, akaenda nazo. Hakuwa mtu wa kuondoka bila utani, ila siku ile aliondoka hivyo.

Jioni mkwe wangu alinifuata uani nilipokuwa natawadha. Alisimama mbali kidogo, kama adabu inavyotaka.

"Baba, nimemwangalia siku nzima. Akilala, ananyamaza kidogo. Akibebwa, na mtu yeyote, hata mimi, ndipo anapolia. Hamkatai mtu. Kuna kitu kinamuuma akiguswa."

Alikuwa amelisema lote, pale pale, huku mimi nina maji mkononi. Nilimwambia, "Kesho nitamleta mzee wa Katumba. Asipotulia kwake, tutakwenda hospitali."

"Kesho?"

"Kesho."

Aliinamisha kichwa akarudi ndani. Nilisali magharibi nisijue nimesoma sura gani.

Asubuhi ile mvua ilikuwa imeshanyesha na ilitaka kunyesha tena. Nilipanda bodaboda kwenda Katumba. Barabara ilikuwa imekatika mahali pawili, tukashuka tukasukuma. Kila tuliposimama na injini ikazimwa, niliisikia ile sauti nyembamba masikioni, nikadhani ni chuma cha pikipiki. Dereva aliniambia hakuna chuma kinacholia.

Mzee nilimkuta kwenye bani lake la kukaushia tumbaku, anapanga kuni. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Analia tangu lini?"

"Leo siku ya tatu."

Aliweka chini ukuni alioshika, polepole, kama yai. "Wajina, mimi si mganga."

"Hatukuiti kama mganga. Tunakuita kama mwenye jina."

Alitazama mawingu, akatazama mikono yake iliyojaa majivu. Nadhani alikuwa anatafuta namna ya kukataa. Lakini kuitwa na mtoto wa jina lako ni jambo ambalo mtu mstaarabu hawezi kulikataa, na yeye alikuwa mstaarabu kutuzidi wote. Alikwenda kuoga, akavaa kanzu safi, akapanda nyuma yangu.

Tulipofika Misunkumilo nilishuka, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba nyumba ilikuwa na sauti ndogo kuliko nilivyoiacha. Mtoto aliguna tu, kama mtu mzima anayeota. Mzee alikaa mkekani, akanyoosha mikono, mkwe wangu akamwekea. Mzee akamwita kwa jina, jina letu, mara moja, kwa sauti ya chini.

Mtoto alinyamaza.

Alilala juu ya mikono ile, mdomo wazi, macho nusu. Hakukaza mwili. Hakulia. Tulisubiri, na bado hakulia. Mke wangu alipiga kigelegele, dada akadakia, majirani wakaitikia kutoka nyumba ya pili.

"Si nilisema!" dada alishangilia. "Mume wetu kumbe ni wa Katumba! Kumbe alikuwa anasubiri nauli!"

Nilicheka mpaka machozi. Jogoo alichinjwa. Mchele wa Mpimbwe, uliotumwa na wakwe kwa ajili ya mzazi, ukapikwa kwa ajili yetu. Mzee alimrudisha mtoto kwa mama yake, akala kidogo, tonge chache, bila kuinua macho. Miezi mingi baadaye, nilipomwendea Katumba kumwambia yaliyotokea, aliniambia: "Alikuwa mzito, wajina. Mtoto aliyelala hawi mzito namna ile. Nililijua hilo, nikaona haya kuharibu furaha yenu." Kwa hiyo tulikuwa wawili wenye haya, na mtoto mmoja.

Mkwe wangu hakula. Alikuja kwenye mlango wa sebule, akapiga goti.

"Baba, hanyonyi. Nimemkamulia mdomoni, maziwa yanatoka pembeni. Ananitazama lakini hanioni."

Nilikuwa na mfupa wa jogoo mkononi.

"Amechoka kulia," nilimwambia. "Mwache alale."

Maneno hayo manne ni yangu. Hayakutoka kwa dada, wala kwa babu, wala kwa mila yoyote. Nimejaribu kuyasikia kwa sauti ya mtu mwingine, hayakubali.

Mzee aliomba arudishwe mapema kabla mvua haijashuka. Tulimsindikiza mpaka njia kuu, tukasimama tukiagana kwa maneno mengi. Tuliporudi tulimkuta mkwe wangu anatoka uani. Amejifunga kanga mbili, mtoto kifuani, viatu miguu tofauti: kimoja chake, kimoja cha mke wangu. Mkono mdogo wa mtoto ulikuwa nje ya nguo, unarukaruka wenyewe, kwa mpigo mmoja, kama kitu kinachovutwa kwa uzi.

"Unakwenda wapi?" dada alimuuliza.

"Hospitali."

"Bila ruhusa ya wakwe zako?"

Hakusimama. "Mkitaka kunipiga, mnipige nikirudi."

Nilimfuata. Nilikuwa nyuma yake njia nzima, nikipiga kelele kuita bodaboda, na zilipokuja mbili alipanda ya mbele bila kunitazama.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa binti ambaye angeweza kuwa mjukuu wangu. Alimgusa mtoto utosini, akamkunja shingo, na uso wake ukabadilika. Wakaja wengine. Akauliza ameanza lini. Mkwe wangu alinigeukia mimi, akanipisha nijibu.

"Siku tatu."

"Siku tatu mlikuwa wapi, mzee wangu?"

"Nyumbani."

Walimkunja kama samaki, wakamchoma sindano mgongoni, na nilikuwa upande wa pili wa pazia. Hakulia hata kidogo. Nilimwomba Mungu alie. Sauti ile iliyonikimbiza mpaka Katumba, sasa niliitaka irudi, nikaahidi vitu ambavyo sikuwa navyo.

Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Alikaa wodini mpaka mahindi ya kwanza yakaanza kuchomwa barabarani. Mwanangu alifika kutoka Kasekese na tope mpaka magotini, akasikia habari yote kwa mkewe, akaja kwenye benchi nilipokaa.

"Baba, ungekuwa wewe ndiye unaumwa, ungesubiri wajina?"

Hakusubiri jibu. Tumeongea tangu hapo, ya mvua, ya mbolea, ya bati linalovuja. Swali lile hajalirudia.

Siku ya kuruhusiwa daktari alitukalisha. Alisema mtoto amepona, tumshukuru Mungu. Kisha akasema, "Mumwangalie lakini. Ugonjwa huu ukiondoka huwa unaacha kitu." Akatuambia turudi naye kwa vipimo. Mvua, barabara, shughuli, tukarudi mara moja tu.

Basi tukaanza kuangalia. Hakuna aliyesema kwamba anaangalia. Mke wangu alimkanda miguu kila jioni, na nilijua anapima kama ina nguvu. Nilipitisha kidole mbele ya macho yake, akakifuata. Alikaa wakati wake, akatambaa wakati wake, akaota meno. Alikuwa mtoto wa kucheka, mwenye mashavu. Dada alianza kusema kwa majirani kwamba jina limemlinda, kwamba yule wa Katumba ana mkono. Sikumkanya. Nilitaka sana yawe kweli. Hata hivyo nilikuwa nikimtazama akicheza kama mtu anayejua kwamba kuna nyoka ndani ya nyumba na kila mahali amefagia.

Aliposhika kutembea, alipenda kutoka njiani. Siku moja alikuwa amesimama katikati, amenipa mgongo, anachezea kizibo cha chupa. Pikipiki ilikuja nyuma yake, imebeba magunia. Dereva alipiga honi kwa mbali, akapiga tena kwa karibu. Kuku walitawanyika, mbuzi wa jirani akaruka ukingo. Mtoto aliendelea kugeuza kizibo. Nilimwita kwa jina letu kwa nguvu zangu zote, na ni mimi niliyekimbia, kwa magoti haya, nikamnyakua huku tairi likichora tope pale alipokuwa.

"Mzee, mfundishe mjukuu wako kusikia!" dereva alinifokea.

Nilimpeleka nyuma ya nyumba, nikamkalisha. Nikachukua mfuniko wa sufuria na jiwe. Niliugonga mfuniko nyuma ya kichwa chake. Nikagonga tena. Alikuwa anatazama mchwa ukutani. Aliponiona nimemsogelea alinicheka, akanipa kizibo.

Nilikaa na jambo hilo bila kumwambia mtu. Nilijiambia ni mafua, nikajiambia ni nta ya masikio, nikajiambia wavulana huchelewa. Kila alfajiri adhana ilipotoka kwenye spika ya msikiti, iliyo karibu nasi mpaka vyombo vinatetemeka, nilitega sikio upande wa chumba chao kuona kama atashtuka. Nilisubiri mpaka mavuno yakaisha. Hilo nalo ni kosa langu, na ni baya kuliko lile la kwanza kwa kuwa safari hii sikuwa na wa kunidanganya.

Mwishowe nilimwendea mkwe wangu. Alikuwa uani anapepeta mchele, mtoto pembeni yake amekaa juu ya gunia.

"Mama," nilianza. Kwetu mke wa mwanao ukimheshimu unamwita hivyo. "Kuna jambo kuhusu mtoto."

"Hasikii," alisema, ungo ukiendelea kwenda.

"Ulijua?"

"Hajaota meno, nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema mara ya kwanza, baba. Safari hii nikasema ngoja nione nyie mtasema lini."

Hakulisema kwa hasira. Ningependa lingekuwa na hasira. Aliniambia kwamba wameshazungumza na mumewe. Iko shule ya watoto kama yeye, mkoa mwingine, wanapokea wakiwa wadogo. Watahama, mumewe atafute kazi huko huko, mtoto asilale mbali nao. Hakuniomba ruhusa. Alinipa taarifa, kama anavyopewa jirani.

Kisha aliweka ungo chini. Akapiga ardhi mara moja kwa kiganja, mtoto akageuka. Akafanya kitu kwa mkono, haraka, kutoka shavuni kwenda hewani, vidole vikikunjuka. Uso wa mtoto ulifunguka. Alishuka kwenye gunia, akaja mbio mpaka magotini kwake.

"Umemwambia nini?" niliuliza.

"Nimemwita kwa jina lake."

Nilichuchumaa. Nilisubiri mpaka akanitazama, nikagusa shavu langu, nikapeleka mkono hewani, nikakunjua vidole hivi vilivyokakamaa. Alinitazama kwa makini, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeuliza njia kwa lugha ya kwao. Akageuka, akazika uso kwenye kanga ya mama yake.

"Si hivyo, baba," alisema mkwe wangu. Akachukua ungo, akaendelea kupepeta.